Usimrudishe Nasma Kwao

Mabawa, Tanga
24 Februari 2021

Kaka yangu mpenzi Yasini,

Assalaam alaikum, na shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta u mzima huko Mtwara, kifua hakina neno, na kazi ya kuchomelea vyuma haijakuharibia macho zaidi ya nilivyoyaona mara ya mwisho. Ukiuliza hali zetu, mimi ni mzima wa mwili. Mwanao Asmahani ni mzima pia, ananyonya utadhani ameambiwa kesho maziwa yatapigwa marufuku. Mama yu hai. Nakuandikia mapema ili usiruke mistari kulitafuta neno hilo.

Najua utashangaa kupata barua zama hizi, tena ya kurasa zote hizi, kutoka kwa mtu ambaye ulikuwa ukimlipa pipi ili akuandikie barua zako za shule. Nimekupigia simu mara mbili wiki hii. Mara zote mbili ulipokea, na mara zote mbili niliishia kukuuliza kama huko kwenu mvua zimenyesha. Mdomo umenikataa, nimeona nijaribu mkono. Sele wa Usagara anaondoka kesho alfajiri kurudi kazini kwake huko, ameniahidi atakukabidhi mwenyewe.

Jambo langu ni moja. Baba mkubwa Mwinyijuma ametutangazia hapa kwamba umesema ukija mwisho wa wiki ijayo utampa Nasma talaka yake mkononi, na kama Mama akifa kabla hujafika, hutaki umkute mkeo ndani ya nyumba hii. Nakuomba, kaka, kwa haki ya ziwa moja tulilonyonya, usitamke lolote mpaka uimalize barua hii. Neno hilo likishatoka, unajua mwenyewe, haliokotwi. Usome mpaka mwisho, hata ukifika mahali ukatamani kuichana.

Nianze na Mama. Leo ni siku ya kumi tangu alazwe. Anapumulia mpira wa oksijeni na analazwa kifudifudi, jambo ambalo Shangazi Saleha analiona ni dharau kwa mtu mzima. Kuna kidude kinambana kidole na kutoa namba. Mtu mzima wa afya anasoma tisini na tano kwenda juu. Mama jana asubuhi alisoma themanini na nane, jioni tisini na moja, leo themanini na tisa. Shangazi akiona namba imepanda moja anamshukuru Mungu kwa sauti mpaka wauguzi wanamgeukia. Mimi nimesomea maana ya namba hizo, kaka, na natamani nisingelizisomea. Nikiwa nyumbani naangalia simu kila dakika, ikilia naogopa kuipokea, isipolia naogopa zaidi. Nimejikuta nahesabu pumzi za watu sokoni, watu ambao hawana hata mafua.

Wewe umesimuliwa jinsi ilivyotokea, lakini umesimuliwa na Baba mkubwa, naye hakuwepo siku zote. Acha nikueleze tena kwa mpangilio.

Arobaini ya Asmahani ilikuwa Jumamosi, tarehe sita. Wewe hukupata ruhusa kazini, na Mama alikasirika siku mbili kisha akakusamehe, kama kawaida yake kwako. Mimi nilifika Ijumaa jioni kutoka Dar es Salaam. Ilibidi nije, maana kwetu mtoto wa kaka hatolewi nje siku ya arobaini ila kwa mikono ya shangazi yake, na Asmahani hana shangazi mwingine wa tumbo moja na baba yake. Mama alikuwa amenipigia simu kila siku wiki nzima. Aliniambia nikikosa, huyo mtoto atakuja kuniuliza mwenyewe akikua.

Watu walijaa. Wanawake walitandika majamvi uani, maulidi yakasomwa, mtoto akanyolewa mapajani mwangu, nikamtoa mlangoni na kumwonyesha jua. Idarusi, shemeji yako, nduguye Nasma, alikuja kutoka Ushongo kwa pikipiki na kikapu cha samaki wakubwa, changu na kolekole. Alikuwa akikohoa. Vumbi la barabara ya Pangani lilikuwa limempaka nyusi mpaka akaonekana mzee wa miaka themanini, tukamcheka sana. Unajua anafanya kazi kwenye ile nyumba ndogo ya wageni ufukweni, ambako huja wazungu wawili watatu. Kikohozi chake na wazungu wake, hivyo viwili, watu walikuja kuvikumbuka baadaye.

Alhamisi iliyofuata Mama alianza homa. Siku ya pili mwili ukauma, ya tatu kifua kikabana, nawe unaijua pumu yake. Shangazi Saleha akachemsha majani ya mwarobaini, malimau na tangawizi, wakamfunika blanketi zito juu ya sufuria ili ajifukize. Mtu wa pumu, kaka, ndani ya mvuke ule. Alitoka amegeuka rangi midomo. Aliyesema basi, Mama aende hospitali sasa hivi, alikuwa Nasma. Mimi nilikuwepo, bado sijarudi chuoni, mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa udaktari, nimesimama nimeshika taulo. Nasma alimwachia jirani mtoto, akaita bajaji, akampakata Mama kifuani njia nzima huku Mama anamkoholea usoni. Hilo Baba mkubwa hakukwambia, nadhani.

Jumanne, siku ya pili Mama akiwa wodini, Baba mkubwa aliitisha kikao sebuleni. Shangazi Saleha ndiye aliyefungua. Alisema wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini hawa wa Ushongo wamekuja na mwenyeji ameugua. Alisema Idarusi anatandika vitanda vya wazungu, amewabeba kifuani mwake mpaka kwetu, na Nasma alimwona nduguye anakohoa akamkaribisha ndani hivyo hivyo. Mwingine akaongeza kwamba Nasma alimkimbiza Mama hospitali haraka vile kwa sababu alijua alilolifanya. Nasma alikuwa amekaa karibu na mlango ananyonyesha.

Ndipo Baba mkubwa aliponigeukia. Aliniita daktari, mbele ya watu wote, na akaniuliza kama ni kweli ugonjwa huu waweza kuwa umetoka kwa Idarusi. Nilijibu kwamba inawezekana.

Neno hilo moja. Chuoni tunafundishwa kulipenda, mtu usidai uhakika usio nao. Lakini sebuleni kwetu lilisikika kama hukumu ya kadhi. Shangazi akapiga paja, akasema si mmesikia, daktari mwenyewe amesema. Baada ya hapo Baba mkubwa akakupigia simu, nawe ukasema uliyoyasema.

Tangu siku hiyo Nasma na mtoto wamehamishiwa kile chumba cha uani tulichokuwa tukihifadhia mkaa. Wamekifagia, sitaki kuongeza chumvi, lakini ni chumba cha mkaa. Ana sahani yake na kikombe chake. Chakula kinawekwa mlangoni, mwekaji anabisha hodi na kuondoka kabla hajafungua. Mtoto akilia hakuna anayekwenda. Shangazi anasema ni kwa usalama wa wote, na akaniuliza kama si ndivyo tunavyofundishwa. Mwekaji wa sahani ni mimi. Niliomba kazi hiyo mwenyewe, na walionisikia wakasema nina moyo.

Sasa niseme habari za chuoni, na usidhani nabadilisha mazungumzo.

Mwezi wa kwanza mwalimu wetu mmoja alikuwa akifanya utafiti juu ya sisi wanafunzi wa udaktari: tunaujua ugonjwa huu kiasi gani, na tunajikinga vipi. Mimi na Precious, ninayelala naye chumba kimoja, tulipewa kazi ya kugawa madodoso na kuyakusanya. Tulikusanya mia tatu na kumi na mbili. Sehemu ya kwanza, ya unajua nini, karibu kila mtu alipata zote. Sehemu ya pili, ya unafanya nini, ndiyo iliyotuchekesha. Watu walijaza kwamba wananawa daima, wanavaa barakoa daima, hawagusani daima, na mchana tunawakuta bwaloni wanane wanakunywa maji kwa kikombe kimoja cha plastiki. Mwalimu alisema tatizo letu si ujinga. Mimi dodoso langu nililijaza "daima" kuanzia juu mpaka chini, hata swali lililouliza kama ukipata dalili utajitenga na watu. Precious akasema nimejibu kama anayeomba kazi peponi.

Jumatatu ya tarehe mosi mwezi huu Precious alishikwa na homa. Jumanne usiku nikashikwa mimi. Tulikubaliana tusiseme. Mwenye dalili alikuwa akizuiwa kuingia wodini, na bila saini za wodi kwenye daftari lako hufanyi mtihani, na mtihani ulikuwa umebakiza wiki chache. Tukameza panadol, tukavaa barakoa mbili mbili, tukaenda kusimama vitandani mwa wagonjwa. Alhamisi homa yangu ilikwisha. Ijumaa nikapanda basi kuja huku nyumbani.

Basi liliposimama Muheza nilinunua chungwa dirishani. Nikalimenya, nikalila, na ilikuwa kama kutafuna pamba iliyolowa. Nikalisogeza ganda puani. Nikalikamua mpaka mafuta yakarukia macho yakaniwasha, machozi yakatoka, na pua haikupata kitu. Swali la tano kwenye dodoso liliuliza dalili gani huutambulisha ugonjwa huu haraka kuliko nyingine. Wote mia tatu na kumi na mbili walilipata.

Nilijua, kaka. Sikushuku, sikuhisi. Nilijua nikiwa Muheza, na kutoka Muheza hadi Tanga ni kama saa nzima. Saa nzima hiyo ningeweza kushuka. Ningeweza kumpigia Mama nikamwambia gari limeharibika, nimerudi, mtoto atolewe na jirani. Niliitumia kujiambia kwamba ni mafua ya basi, na kwamba homa imekwisha, na kwamba arobaini haina marudio. Nilipoingia nyumbani nilikuwa na barakoa. Shangazi Saleha akanipokea mlangoni akaniuliza kama udaktari umenifanya niwaone wao najisi, nimejifunga mdomo kama ng'ombe wa kinu cha mafuta. Watu wakacheka. Nikaivua. Hakunilazimisha, usimlaumu. Nilikuwa natafuta mtu wa kunilazimisha, nikampata.

Nikaupokea mkono wa Mama nikaubusu. Nikalala kitanda kimoja naye usiku ule, tukazungumza mpaka akasinzia begani kwangu. Kesho yake tukala sinia moja, na akanilisha tonge kwa mkono wake kwa furaha ya kuniona, kisha akala kwa mkono uleule. Mwanao nilimpakata kifuani saa mbili nzima. Mungu amemkinga, wala sijui kwa nini.

Idarusi hakuleta kitu isipokuwa samaki. Nimempigia simu nikamwuliza vizuri. Kikohozi kilikwisha siku ileile alipooga, na kule kazini kwake hapakuwa na mgeni tangu Desemba. Aliyeuleta ugonjwa kwa Mama ni mimi, Samiha, mdogo wako, daktari wa nyumba. Na nilipoulizwa mbele ya watu, nikijua, nikasema inawezekana.

Naona haya hata kuandika kwamba naona haya. Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nimeyaficha maradhi yangu, na kifo kimekwenda kubisha hodi kwa mwingine.

Jana mchana nilikwenda chumba cha uani na sahani, na safari hii sikuondoka. Nasma alipofungua akanikuta nimekaa kizingitini. Nikamwambia yote, kuanzia chungwa. Nilikuwa nimejitayarisha anipige, au alie, au apige kelele watu wajae. Alimbadilisha mtoto ziwa, kisha akaniambia kwamba alikuwa anajua.

Siku ya arobaini, asubuhi, aliniachia sufuria ya pilau niitazame. Pilau ikaungua. Alisikia harufu kutoka chumbani na mtoto mkononi, akakimbia, akanikuta nimekaa pembeni ya sufuria, moshi unanipita usoni, napepea nzi. Wenzake walicheka kwamba daktari hajui kupika. Yeye hakucheka. Alikuwa amesikia redioni habari za pua isiyosikia harufu. Akaniuliza palepale kama nina mafua, nami nikamjibu ni vumbi tu la safari. Kaka, nilikuwa nimesahau kabisa kwamba aliniuliza.

Nilimuuliza kwa nini hakusema siku ya kikao. Alisema angesema nini, yeye mke wa mtu, mtoto wa watu wa Ushongo, dhidi ya daktari wa nyumba? Wangesema ameongeza uchawi juu ya ugonjwa. Kisha akasema neno ambalo limenikosesha usingizi. Alisema alikuwa ananingoja. Kila nilipoweka sahani mlangoni na kubisha, alikuwa akijiambia leo Samiha atasema. Siku saba, sahani tatu kwa siku.

Leo asubuhi nilimwendea Baba mkubwa nikamwambia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza nani mwingine anayejua, kisha akaniambia jambo hili lifie hapo. Alisema nimebakiza miaka miwili niwe daktari wa kwanza wa ukoo huu, fedheha yangu ni fedheha ya wote mpaka kaburi la marehemu baba yetu, na mke hupatikana mwingine. Alisema kwa upole, tena akanibariki. Nilitoka pale, na kwa kitambo kidogo, kaka, niliona amenipa njia. Ndiyo maana nimekaa hapa naandika kwa haraka kabla sijaizoea njia hiyo.

Kwa hiyo sasa unajua. Ukitaka kukasirika, kasirika na mimi. Ukitaka kusitisha kunisaidia ada, nitaelewa. Keshokutwa, baada ya swala ya Ijumaa, wakikusanyika nitawaeleza wote mwenyewe, Baba mkubwa apende asipende, na mwalimu wangu nimeshamwandikia habari za wodini. Mama sijamwambia. Daktari wake amesema asishtuliwe, na sijui kama namtii daktari au najificha tena nyuma yake. Namba zikikaa juu ya tisini siku mbili mfululizo nitamwambia. Niombee nipate nafasi hiyo, maana kuna usiku naona sitaipata.

Lakini la talaka ni lako peke yako. Mimi siwezi kulifuta kwa kusema mbele ya watu, wala Nasma hawezi. Nitakuja kukupokea stendi, barakoa usoni, na nitasimama mbali.

Mama anakusalimu. Hasemi sana kwa ajili ya pumzi, ila anakuombea dua na jana alimuulizia mjukuu wake. Shangazi Saleha anakusalimu, anataka korosho zilizobanguliwa, anasema zile za mwaka jana zilikuwa vipande. Baba mkubwa hajui kwamba naandika, kwa hiyo hana salamu. Asmahani ameanza kucheka, huchekea ukuta zaidi kuliko watu, nadhani kwa sababu ukuta ndio anaouona.

Nilimuuliza Nasma nikufikishie salamu gani. Aliniuliza kwanza kama wewe, Baba mkubwa alipokupigia simu, ulimsalimu.

Wassalaam,
mdogo wako,
Samiha